Karatasi ya Herufi Mbili

Karatasi yenyewe ilikuwa ndogo, imekunjwa mara nne. Mjomba aliitoa mfukoni mwa kanzu kama mtu anayetoa risiti ya mali aliyokwisha kuilipia. Jina la mpwa wetu, tarehe, muhuri wa maabara, halafu herufi mbili kwa kalamu ya bluu: AS. Akatoa na ya pili, ya mchumba. AS vilevile.

"Basi," akasema, "mimi nimemaliza."

Ilikuwa Ijumaa mchana, Tanga, barazani kwa Shangazi. Pilau imeshaliwa, kahawa inazunguka. Posa ilikwisha kujibiwa, mahari yamekubaliwa, ukumbi umelipiwa nusu. Wenye ndoa yao hawakuwepo. Kijana alikuwa kampeleka mwenzake Raskazone kupunga upepo, na sisi tulibaki nyuma kuwaamulia. Hilo naliona sasa ninapoandika. Wakati ule hakuna aliyeliona.

Nimeyaandika mazungumzo kama yalivyokwenda, ila majina nimeyaondoa na kelele nimezipunguza. Alikuwepo Mjomba, aliyehamia Muscat akiwa kijana na ndiye anayeigharimia harusi. Shangazi, mwenye nyumba, ni muuguzi mstaafu; miaka yake ya mwisho kazini aliimalizia kliniki ya watoto wenye selimundu. Mwalimu wa bayolojia ni jirani, mtu asiyeweza kuona hesabu imekosewa akanyamaza. Ustadh anasomesha madrasa ya mtaani. Na alikuwepo binti wa nyumba ya pili, karani, miaka 27, amejitanda khanga mabegani ilhali wengine tunajipepea, chupa kubwa ya maji haimwondoki mkononi. Karatasi yake yeye inasoma SS: ana ugonjwa wenyewe, si mbebaji tu kama wenye AS. Mimi kazi yangu ilikuwa kumimina kahawa.

MJOMBA: Msinione mkatili nikisema ndoa hii ivunjwe. Saudia, tangu mwaka 2004, hufungi ndoa bila cheti cha vipimo vya damu. Bahrain nao wana sheria yao ya mwaka huohuo. Oman miaka mingi ilikuwa hiari, na hiari tunaijua: mtu anakwenda kupima kadi za mwaliko zimeshachapwa. Nina jirani kule, watoto watatu, wawili hospitali ndiyo nyumba yao. Kama karatasi inaweza kuzuia msiba kama ule, kwa nini nisiutumie uwezo huo?

MWALIMU: Cheti cha Saudia hakikatazi ndoa, Mjomba. Ni lazima upime; baada ya hapo mnaachiwa wenyewe.

MJOMBA: Na wakishaachiwa, huachana.

MWALIMU: Si wote. Mwaka 2004 waliokuwa hatarini wakavunja posa hawakufika hata mmoja katika kumi. Mwaka 2009 wakawa nusu. Nusu nyingine walioana huku wanajua.

BINTI: Mjomba, samahani. Hizo karatasi zimefikaje kwako?

MJOMBA: Nimelipia vipimo mimi.

BINTI: Na pilau umelipia wewe. Mbona hukuiweka mfukoni?

Tulicheka, naye Mjomba akacheka, lakini niliona anazikunja zile karatasi upya, polepole, kama mtu aliyekumbuka kwamba zina majina ya watu.

MJOMBA: Sawa, tuyaache ya mfukoni. Tuje kwenye hesabu. Wakizaa wanne, mmoja mgonjwa. Kuna mzazi anayekubali kumtoa mmoja sadaka?

MWALIMU: Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Si kwamba katika wanne mmoja. Kila mimba ni bahati nasibu mpya. Chukua mfuko una korosho nne, moja mbovu. Unatumbukiza mkono, unatoa moja, unaitazama, unairudisha, unatikisa, unachota tena. Unaweza kuchota mara nne usiione ile mbovu. Unaweza kuichota mara tatu mfululizo. Mfuko haukumbuki ulichotoa jana.

SHANGAZI: Nimewaona wote hao. Mama mwenye watano, wote wazima. Na mama mwenye wawili, wote SS, anaambiwa na mawifi kuwa tumbo lake lina laana. Baba mtu amekaa pembeni kimya, na yeye ni AS vilevile, kwani bila herufi yake ile herufi ya mama isingefanya kitu. Akitoka hapo anaoa kwingine, anasema, "Kwetu ugonjwa huu haupo."

USTADH: Hilo la kumbebesha mama peke yake ni dhuluma, na kipimo kingeliondoa.

SHANGAZI: Kingeliondoa kama baba angekuja kupima. Wengi hawaji.

Mwandishi ana haki ya kuingilia kidogo. Hapa nyumbani hatuzungumzii ugonjwa wa vitabuni. Tanzania inakadiriwa kupata watoto takribani 11,000 wenye selimundu kila mwaka, idadi inayoiweka miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa kuliko zote duniani. Neno lenyewe linajieleza: chembe nyekundu ya damu, badala ya kuwa mviringo kama andazi lililobonyezwa katikati, inajipinda kama mundu na kukwama kwenye mishipa midogo. Panapokwama, damu haipiti. Pasipopita damu, nyama na mfupa vinalia. Binti aliwahi kuniambia kwamba maumivu yake anayaita mgeni. Huja bila hodi, mara nyingi usiku wa baridi au siku aliyosahau kunywa maji, na hukaa anavyotaka yeye mgeni.

USTADH: Mimi nina swali la nyuma zaidi. Huku kupekua damu ya mtu ili tujue aolewe au asiolewe, mwisho wake ni wapi? Leo selimundu. Kesho kisukari, keshokutwa weusi wa ngozi.

MWALIMU: Ustadh, swali lako lina historia. Aliyegundua kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti na ya wengine, mwaka 1949, ni Linus Pauling, Mmarekani, mwanakemia mkubwa, Nobel mbili. Mtu wa amani, aliyepinga mabomu ya nyuklia. Mwaka 1968 aliandika akapendekeza kwamba kila kijana mwenye jeni hii achanjwe alama kwenye paji la uso, ili wawili wenye alama wakikutana wajuane mapema na wasipendane.

MJOMBA: Kwenye paji la uso?

MWALIMU: Hapa. Na nia yake ilikuwa njema kama yako. Alitaka kupunguza mateso.

BINTI: Karatasi ya mfukoni mwa Mjomba ni paji la uso lililokunjwa mara nne.

MJOMBA: Mwanangu, unanionea.

MWALIMU: Ngoja nimalizie. Hakuna aliyechanjwa. Lakini miaka michache baadaye majimbo kadhaa ya Marekani yalitunga sheria za kuwapima watu weusi kwa lazima, na mengine hayakutofautisha AS na SS. Mtu mzima wa afya, mbebaji tu, akaonekana mgonjwa. Wako walionyimwa kazi, wako waliopandishiwa bima. Chuo cha jeshi la anga kiliwakataa wabebaji mpaka mwaka 1981. Serikali kuu ilipotoa fedha za selimundu mwaka 1972, ilibidi iweke sharti kwamba upimaji uwe wa hiari.

USTADH: Na hao AS wana kasoro gani hasa?

MWALIMU: Kasoro? Ustadh, hao ndio waliotuvusha. Kulikuwa na daktari, Anthony Allison, amekulia Kenya. Alitembea pwani na maziwa makuu akipima damu za watu, akaona kwamba jeni ya mundu imejaa pale tu penye malaria kali. Mwaka 1954 akaonyesha sababu: mtoto wa AS malaria haimuui kirahisi. Pwani hii yetu, Tanga hii, imejengwa na watu ambao bibi zao walikuwa AS. Hiyo herufi S tunayoikunjia uso ni ngao. Ubaya wake ni kwamba ngao mbili zikigongana, mtoto ndiye anayeumia.

Kwa muda hapakuwa na aliyesema. Mimi nilikuwa nimeishi miaka yote Tanga bila kulijua hilo, na nadhani Mjomba pia. Aliitazama karatasi ya mpwa wake kwa jicho jingine kabisa, jicho la mtu aliyeonyeshwa picha ya babu.

MJOMBA: Sawa, ngao. Lakini siku hizi kuna vyandarua na dawa ya malaria. Ngao tunaweza kuitua. Na mimi nasikia ugonjwa wenyewe umeshapata tiba. Wanahariri jeni. Kama ni hivyo, ugomvi wetu umekwisha: waoane, akizaliwa mgonjwa atatibiwa.

BINTI: Nani atamtibu?

MWALIMU: Tiba ipo, kweli. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walitangaza kifaa cha CRISPR, mkasi unaokata jeni mahali unapouelekeza. Nobel wakaipata 2020. Katikati hapo, mwaka 2019, mama mmoja wa Mississippi, Victoria Gray, akawa mgonjwa wa kwanza wa selimundu Marekani kutibiwa kwa mkasi huo. Mwaka 2023 alisimama London mbele ya wanasayansi akawahadithia maisha yake ya kabla na ya baada. Novemba mwaka huo Uingereza ikaidhinisha tiba hiyo, Casgevy, na Desemba ikafuata Marekani. Katika majaribio, kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa mwaka mzima au zaidi bila maumivu makali.

SHANGAZI: Mweleze na inavyofanya kazi. Watu wanadhani ni sindano.

MWALIMU: Mtoto akiwa tumboni anatumia himoglobini ya aina yake, isiyojipinda. Akishazaliwa, mwili unaifunga ile na kufungua ya ukubwani, na hiyo ndiyo yenye mundu. Kuna jeni inayoshika ufunguo wa kufungia. Wanachofanya ni kuivuruga hiyo ndani ya seli shina za damu, na himoglobini ya utotoni inarudi. Kidogo inanichekesha: sayansi yote hiyo, ili mwili ukumbuke kitu ulichokuwa unakijua kabla ya kuzaliwa.

SHANGAZI: Sasa mimi niwaambie upande wa kitandani. Kwanza unachotwa seli shina kwenye damu, pengine zaidi ya mara moja. Zinapelekwa kiwandani, miezi inapita. Kisha unapewa dawa kali ya kuua uloto wako wote, hiihii aina ya dawa za saratani. Nywele zinakwenda, mdomo unatoka vidonda, kinga inashuka sifuri. Ndipo unarudishiwa seli zako zilizohaririwa, unakaa hospitali wiki kadhaa ukisubiri ziote. Na ile dawa kali inaweza kukuachia ugumba.

BINTI: Kwa hiyo mtu wa rika langu anaambiwa achague: maumivu, au mtoto.

MWALIMU: Unaweza kugandisha mayai kabla.

BINTI: Bei gani?

MWALIMU: Sijui bei ya mayai. Bei ya tiba Marekani ni dola milioni 2.2.

Shangazi aliniomba kalamu. Alipiga hesabu nyuma ya bahasha ya mwaliko, akahesabu sifuri mara mbili kwa kidole, akaisukuma bahasha katikati ya mkeka. Zaidi ya shilingi bilioni 5. Kwa mtu mmoja.

MJOMBA: Teknolojia hushuka bei. Simu ya kwanza niliyonunua Muscat…

SHANGAZI: Kaka, ngoja. Nikwambie ya vidonge, ambavyo havina mkasi wala kiwanda cha ajabu. Haidroksiurea. Marekani iliidhinisha kwa wagonjwa hawa mwaka 1998. Inafanya kazi ileile aliyoieleza Mwalimu, inairudisha himoglobini ya utotoni, ila si kwa kiasi hicho na si moja kwa moja. Unajua ni lini tulipata ushahidi mkubwa kwa watoto wa Afrika? Mwaka 2019. Utafiti ulifanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na hata malaria, ambayo wakubwa walikuwa wanaihofia, ilipungua badala ya kuzidi. Miaka 21. Katika miaka hiyo 21 nimezika watoto ambao majina yao bado nayajua.

BINTI: Mimi nilianza kuinywa nikiwa mtu mzima. Kabla ya hapo nilikuwa nalazwa mara nne, mara tano kwa mwaka. Mitihani ya kidato cha nne niliifanya na mkono mmoja una bandeji ya dripu. Mwaka jana sikulazwa hata mara moja. Kwa hiyo nikisikia watu wanajadili kama bioteknolojia itamnyang'anya binadamu uhuru wake, najiuliza huyo binadamu ni nani. Uhuru wangu mimi uko kwenye kopo la vidonge, na kuna miezi nafika dirisha la dawa naambiwa vimekwisha, rudi wiki ijayo.

Nakiri kwamba hapa mjadala ungeweza kuishia, na labda ungekuwa mjadala mwema. Mwenye ugonjwa amesema, tunyamaze. Lakini Ustadh hakuwa amemaliza, na nilikuja kushukuru kwamba hakunyamaza.

USTADH: Mwanangu, hakuna aliye barazani hapa anayekunyima vidonge. Kutibu hakuna shaka. Hata huo mkasi, ukimkata mgonjwa mwenyewe kwa ridhaa yake, mimi nauona ni dawa kama upasuaji. Ninachokiogopa ni nasaba. Wakiingia kwenye mbegu ya uzazi, wamemgusa asiyekuwepo. Na mtoto wake. Na mjukuu. Nani alitoa ridhaa?

MWALIMU: Hilo limeshafanywa, Ustadh. Novemba 2018, He Jiankui, mwanasayansi wa Shenzhen, China, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha wa kike aliowahariri wakiwa viinitete. Hata ugonjwa hawakuwa nao. Baba yao alikuwa na virusi vya Ukimwi, naye akataka kuwapa watoto kinga ya virusi hivyo, wakati zilikuwepo njia za kawaida na salama za kuwazuia wasiambukizwe. Dunia nzima ya sayansi ilimlaani. Desemba 2019 mahakama ikamfunga miaka 3 na kumtoza faini ya yuan milioni 3. Lakini wale watoto wapo, wanakua, na alichokibadilisha wanakibeba.

USTADH: Basi mmeona.

MWALIMU: Kuna mwanafalsafa Mjerumani, Jürgen Habermas, aliliandikia kitabu jambo hili mwaka 2001. Hoja yake, kwa maneno yangu: mtu aliyezaliwa kama alivyojaliwa anaweza kusema maisha haya ni yangu, nimeyaanzisha mimi. Aliyepangwa na mtu mwingine, kila anapojitazama anaona mkono wa mtu. Akipenda muziki, hajui kama anapenda yeye au amepangiwa. Usawa kati yake na aliyempanga umevunjika, na hauwezi kurudi, kwa sababu yeye hawezi kumpanga mwenziwe.

BINTI: Mimi nilipojaliwa hivi nilivyo, nani aliniuliza?

USTADH: Hakuna.

BINTI: Sasa tofauti iko wapi?

USTADH: Tofauti ni kwamba huna wa kumshitaki. Mtu akikuvunja mguu, umedhulumiwa. Ukiteleza ukavunjika, umeumia, ila hakuna aliyekudhulumu. Maumivu ni yaleyale, najua. Lakini utumwa unatoka kwa mtu, hautoki kwa mvua.

Lilikuwa jibu zuri. Binti alilitafakari, alikunywa maji, akaizungusha chupa mkononi. Kwa haki ya mjadala nalazimika kusema kwamba nafsi yangu ilikuwa upande wa Ustadh dakika ile. Ndipo Shangazi, ambaye hajasoma falsafa yoyote, akaharibu kila kitu.

SHANGAZI: Ustadh, hiyo ya mvua ilikuwa kweli zamani. Bibi yangu alizika watoto wawili wa damu hii, akasema ni kudra, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Hakikuwepo kipimo, haikuwepo dawa. Sasa kipimo kipo. Tone moja kutoka kisigino cha mtoto mchanga, karatasi ya kipimo, dakika chache unajua. Ukimgundua mapema unampa penisilini, chanjo, unamfundisha mama kupapasa wengu. Anaishi. Asipopimwa, wengi wao hawafiki miaka mitano. Je, huyo aliyefariki bila kupimwa ni wa mvua? Au kuna mtu alikaa ofisini akaamua kwamba vipimo hivi visinunuliwe mwaka huu?

USTADH: Huyo ni wa mtu.

SHANGAZI: Basi. Kitu kikishajulikana, hata kuacha kukifanya ni kitendo. Nyinyi mnabishana kama tuguse au tusiguse, wakati mkono umeshafika pale, na ukiurudisha pia umegusa.

MJOMBA: Na hiyo ndiyo hoja yangu tangu mwanzo! Tumejua ni AS na AS. Tukinyamaza, akizaliwa mgonjwa, atatuuliza: mlijua?

BINTI: Atakuuliza wewe, au atawauliza wazazi wake?

MJOMBA: Wote.

BINTI: Mjomba, mimi nilimuuliza mama. Nina miaka 14, nimelazwa, nikamuuliza kama angejua angenizaa. Hakunijibu siku hiyo wala siku ya pili. Siku ya tatu akasema, "Ningeogopa sana, na sijui ningefanya nini, lakini sasa nakujua wewe." Mimi lile jibu linanitosha. Ila ukisimama barazani ukasema ndoa ivunjwe ili mtoto wa SS asizaliwe, unayemtaja ni mimi.

MJOMBA: Sikukukusudia wewe, mwanangu. Wallahi.

BINTI: Najua hukunikusudia. Hata aliyetaka kuchanja vipaji vya nyuso hakumkusudia mtu.

Kimya. Muadhini wa msikiti wa mtaa wa pili alianza kujaribu kipaza sauti. Ilikuwa bado kidogo Alasiri. Nilimimina duru ya mwisho ya kahawa, machicha matupu.

USTADH: Na wewe mwenyewe, binti, ukija kuposwa?

BINTI: Nitapima. Nitamwambia naye apime, akiwa AS nitamwambia kwaheri, na nitalia. Mimi S ninazo mbili, Mwalimu anajua hesabu yake: na mtu wa AS, kila mimba ni nusu kwa nusu. Sitaki.

MJOMBA: Lo! Basi tunakubaliana.

BINTI: Hatukubaliani kabisa. Mimi nitapima kwa miguu yangu, nitaisoma karatasi mimi, nitaamua kwa sababu nayajua maumivu yale kwa jina. Kesho yake nikibadili nia, ni mimi niliyebadili. Wewe unataka jambo hilohilo lifanyike likitokea mfukoni mwako. Halafu wewe unasafiri Jumatano.

Kuna njia nyingine za katikati ambazo hatukuzigusa sana. Mwalimu alitaja upandikizaji wa uloto kutoka kwa ndugu, ambao hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, umekwisha kuanza kufanyika kwa watoto wa selimundu. Alitaja pia kupima viinitete kabla ya kupandikizwa, jambo ambalo Mjomba alilipenda na Ustadh akaomba muda wa kulisoma. Yote hayo yana bei, na kila bei iliyotajwa ilifanya neno "hiari" lionekane dogo zaidi. Mtu mwenye njia moja tu, ukimwambia achague, umemtania. Hilo ndilo lililokuwa likinisumbua mimi, zaidi ya mkasi. Naona tunauogopa mkono wa mwanasayansi wa Shenzhen tusiyemjua, na mikono iliyo karibu hatuitazami: ya mfadhili wa harusi, ya mwajiri, ya bima, ya karani wa dirisha la dawa anayesema rudi wiki ijayo.

Nilitaka kulisema hilo kwa sauti. Shangazi alinitangulia.

SHANGAZI: Mnasema karatasi ni ya nani. Niwape moja, mniambie nyinyi wasomi. Sitasema kliniki gani wala mwaka gani. Alikuja baba na mama na mtoto wa miezi minane, vidole vimevimba, macho ya manjano. Tukapima: SS. Kawaida yetu tunawaita wazazi tuwapime ili tuwaeleze. Mama, AS. Baba, AA, hana S hata moja.

MWALIMU: Haiwezekani.

SHANGAZI: Nikarudia kwa mkono wangu. Nikauliza kama baba ameongezewa damu karibuni, hakuongezewa. Nikapeleka maabara kubwa. Yakarudi yaleyale. Baba AA. Niko na karatasi tatu mezani, wao wako nje kwenye benchi, mtoto amelala begani kwa baba.

MJOMBA: Yaani mtoto si wake.

MWALIMU: Polepole. Baba anaweza kuwa na jeni ya thalasemia ambayo vipimo vya kawaida visiione, mtoto akaonekana SS kumbe ni kitu kinachofanana nacho. Ni nadra kwetu, lakini ipo. Karatasi nayo haijui kila kitu.

SHANGAZI: Hata mimi nililiwaza. Nikawaza na lile alilowaza kaka. Nikawaza nikimwambia, huyu mtoto Jumatatu hana baba, na asiye na baba kliniki haji. Nikawaza nisipomwambia, mimi ni nani hata nimfiche mtu damu yake mwenyewe?

USTADH: Ulimwambia nini?

Muadhini akaadhini. Tulisimama wote, tukaenda, tukarudi. Nilidhani swali limesahauliwa. Mjomba ndiye aliyelirudia, kabla hata hajavua viatu.

MJOMBA: Dada, yule baba. Ulimwambia nini?

SHANGAZI: Nilimwita mama peke yake, nikamwonyesha karatasi zote tatu. Alizitazama, akanirudishia, hakusema neno. Halafu nikamwita baba. Nikamwambia, mtoto ana selimundu, na majibu yako yapo, ukitaka nitakusomea.

MJOMBA: Na yeye?

SHANGAZI: Alizitazama zile karatasi mkononi mwangu. Muda mrefu. Kisha akaniuliza dawa zinatolewa siku gani.

MJOMBA: Hakutaka kujua?

SHANGAZI: Nimekwambia alichouliza. Nilimjibu Jumanne. Mpaka nastaafu, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, ndiye aliyekuwa anamleta mtoto.

Mjomba alikaa. Baada ya kitambo aliingiza mkono mfukoni, akatoa zile karatasi mbili, akaniuliza kama kijana na mwenzake watarudi Raskazone kabla ya magharibi. Nikamwambia sijui. Akaziweka juu ya mkeka, akaziwekea kikombe juu zisipeperuke.